Babaangu na kakaangu wote kansa ya damu, na wanangu je?

Waaleikum salaam dada wa Wete. Swali lako nimelisoma mara tatu, mara ya mwisho pamoja na zile picha za karatasi za spitali ulizonitumia, na ntalifupisha hapa ili na wengine wafuate. Anasema babaake alifariki miaka kumi nyuma akiwa na miaka 67, wakaambiwa ni kansa ya damu. Mwaka jana kakaake wa miaka 41, baba mmoja mama mmoja, kaanza kukonda na tumbo upande wa kushoto linajaa, kapelekwa Unguja, halafu Dar, na huko nako kaambiwa kansa ya damu. Tokea hapo mtaani maneno ni "ukoo ule una kansa ya damu" na washenga waliokuja kumposa bintie wa miaka 22 wiki ya tano sasa kimya. Anauliza hii kitu inarithiwa? Na yule mdogo wa miaka 9 anaetoka muhina (damu ya pua) kila kaskazi ikivuma, ndo keshaanza?

Nianze na lile la kukulaza usingizi leo: kwa hizi karatasi ulizonitumia, kakaako hakurithi ugonjwa wake kwa babaako, na wanao hawatourithi kwa mjomba wao. Sasa tukae kitako nikueleze kwanini nasema hivo bila kutafuna maneno, mana najua ukienda kwa shangazi zako na "daktari kasema" peke yake hawatokuelewa.

Tatizo la kwanza ni hilo jina lenyewe. Mtu akikwambia leo nimenunua samaki hujajua kama ni dagaa au ni nguru, na kansa ya damu ndo hivo hivo. Ndani yake kuna lukemia, na lukemia yenyewe kuna kali za ghafla na kuna za polepole, kuna limfoma za mitoki, kuna mayeloma za kwenye uboho na mifupa, na kila moja ina vijukuu vyake. Spitali zetu nazo zina lawama, mtu anatolewa na karatasi imeandikwa ugonjwa kwa kifupi cha herufi tatu, anamuuliza nesi, nesi anamwambia "kansa ya damu" basi, na ukoo mzima unarudi nyumbani na neno moja. Kwenye picha zako ya babaako imeandikwa mayeloma. Ya kakaako imeandikwa CML, yani lukemia ya polepole ya upande wa mayeloidi. Ni magonjwa mawili tafauti kabisa dada, yanaanzia kwenye chembe tafauti, kwa sababu tafauti, na dawa zake tafauti. Kukutana nyumba moja ni kama nyumba moja baba kavunjika mguu kwa mnazi na mtoto kavunjika mkono kwa vespa, mtaa unaweza kusema wana mifupa mibovu lakini sio.

Twende kwa hii ya kakaako mana ndo iloleta zogo, na ndo ninayoipenda kuieleza, samahani kwa kusema napenda, ni kazi yangu kukaa na darubini kutwa. Tone la damu ya mtu mzima likipakwa kwenye kioo, ukichungulia unaona chembe nyekundu zimetandaa na nyeupe moja, mbili, zimejikalia pembeni. Kioo cha CML hakihitaji hata uambiwe: nyeupe zimejaa, tena za rika zote, changa, za kati, pevu, kama skuli imetoka mapumziko na nasari na fom foo wote uwanjani kwa pamoja. Kawaida chembe nyeupe ni baina ya elfu nne na elfu kumi na moja kwa kijitone kidogo cha kipimo, huyu mgonjwa unamkuta na laki na zaidi. Zikikosa pa kukaa zinajaa kwenye bandama, ndo lile tumbo la kushoto. (Zamani Pemba bandama kubwa tukijua ni malaria tu, wangapi walipewa vidonge vya malaria miezi sita hali hawana malaria, Mungu ndo anajua.)

Sasa kilichosababisha. Karibu kila chembe ya mwili ina nyuzi 46 za urithi, jozi 23, nusu za baba nusu za mama. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa Philadelphia Marekani, waliona wagonjwa wa CML wana uzi mmoja mfupi kuliko kawaida, wakauita kwa jina la mji wao, na mwaka 1973 mama mmoja mtaalamu, Janet Rowley, akaonesha kumbe uzi namba 9 na namba 22 zimekatika na kubadilishana vipande. Hapo zilipoungana vibaya panazaliwa amri moja tu, "zaliana", na chembe haina tena breki. Muhimu ni hili: huo mkatiko haumo katika mwili mzima wa kakaako. Ngozi yake haina, ini lake halina, mbegu zake za uzazi hazina. Umetokea katika chembe moja ya uboho, akiwa mtu mzima, siku ambayo hata yeye haijui, na chembe hio ikazaa wenziwe.

Ulisoma chuo bila shaka. Mwalimu ana msahafu wake, wanafunzi kila mmoja ananakili kwenye ubao wake. Mwanafunzi mmoja akikosea herufi kwenye ubao wake, na wadogo wakanakili kwake, kosa litaenea kwenye kona ile ya chuo, lakini msahafu wa mwalimu uko salama na wanafunzi wa mwaka ujao watanakili kilicho sahihi. CML ni kosa la ubaoni. Ugonjwa wa kurithi ni pale kosa liko kwenye nakala ya mwalimu mwenyewe, hapo kila atakaenakili analo. Sikoseli ndo mfano, kosa limo kwa mama na limo kwa baba toka siku ya kwanza, na hapa kwetu watu wanachanganya sana sikoseli na kansa ya damu kwa sababu zote "damu" na zote mtoto anaongezwa damu. Sikoseli sio kansa, narudia, sio kansa.

Na ukitaka ushahidi mzito zaidi ya ubao wangu, angalia Hiroshima na Nagasaki. Mwaka 1945 watu walipigwa na mionzi ya bomu, na miaka iliofuata walionusurika walipata lukemia kwa wingi kuliko watu wengine, CML ikiwemo. Watoto wao waliotungwa mimba baada ya bomu wamefuatiliwa miaka na miaka, na lukemia haikuonekana kuzidi kwao. Mzazi kaumia uboho, mtoto hakupokea. Hata pacha wa kufanana wa mgonjwa wa CML kwa kawaida haugui, na hao nakala yao ni moja ile ile.

Ya marehemu babaako, Allah amrehemu, hapo ntakuwa mkweli nisikudanganye. Mayeloma ina kaharufu ka ukoo. Mtu ambae mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja aliugua, uwezekano wake ni kama mara mbili ya mtu mwengine, na watu weusi kwa ujumla wanaugua zaidi kuliko weupe, kama mara mbili hivi kwa hesabu za Marekani. Lakini mara mbili ya nini? Hilo ndo swali ambalo watu hawaulizi. Huko huko Marekani wanaoipata maisha mazima hawafiki mtu mmoja katika mia, kwa hio mara mbili yake haifiki wawili katika mia, na wengi wao ni wazee wa miaka sitini na kuendelea. Ukija kwa binti yako ambae ni mjukuu, inapungua tena. Mie ningekuwa na mtoto wa kiume ningemposea kwenu kesho na kansa isingeingia hata kwenye mazungumzo ya mahari.

Wewe na kakaako ndo watoto wa mgonjwa wa mayeloma, kwa hio mkishavuka arubaini, ukiumwa mgongo au mbavu usiku na mchana wiki kadhaa bila kubeba kitu, au ukaambiwa damu pungufu bila sababu ya kueleweka, au figo zimeanza kulegea, mwambie daktari kwa mdomo wako "babaangu alikuwa na mayeloma". Usingoje akuulize, wengi hatuulizi, foleni ni refu. Kupima kila mwaka bila dalili sikushauri.

Sasa kuna kansa za damu ambazo ukoo unahusika kweli, nisije nikasomeka vibaya nikaambiwa dokta kasema hakuna. Inayoongoza ni CLL, hii ni lukemia ya polepole ya upande wa limfu, herufi moja tu tafauti na ya kakaako na ndo mana nasisitiza karatasi isomwe. Ndugu na watoto wa mgonjwa wa CLL uwezekano wao ni kama mara nane, lakini ni ugonjwa wa Wazungu zaidi kuliko sisi, na hata kwao kabla ya hio mara nane ni kama watu sita katika elfu. Limfoma ya Hodgkin ni kama mara tatu kwa ndugu, ila pacha wa kufanana inaruka mpaka karibu mara mia. Hapo kwenye mara nane na mara tatu bado hakuna kosa moja la msahafu unaloweza kulinyooshea kidole, ni vikosa vidogo vidogo vingi vimekusanyika, pengine na mazingira ya nyumba moja.

Halafu kuna koo chache sana ambazo kosa liko kwa mwalimu kweli kweli. Mfano jeni (kipande cha uzi wa urithi) moja inaitwa RUNX1: watu wa ukoo ule tokea utotoni chembe sahani (zile za kugandisha damu) ziko chini au hazifanyi kazi vizuri, wanavilia damu hovyo, wakingoa jino damu haikati, na baadhi yao baadae wanapata lukemia kali. Kuna jeni ya GATA2, hao wanaugua maambukizi ya ajabu ajabu na chunjua zinazowajaa mikononi. Kuna ugonjwa wa Fankoni, mtoto mfupi, pengine vidole gumba vina kasoro, ngozi ina mabaka, uboho unachoka mapema, na hii inataka kosa kutoka kwa mama na kwa baba wote wawili, ndo mana inaonekana zaidi pale mtoto wa ami kaoa mtoto wa ami vizazi juu ya vizazi. Sisemi watu wasioane ndugu, wazazi wangu mwenyewe ni binamu, nasema tu kama kwenu mmeoana hivo na kuna watoto wawili watatu waliochoka damu utotoni, hapo mtafute daktari wa damu. Katika wagonjwa wa lukemia kali ya mayeloidi inakisiwa watano mpaka kumi katika mia wana kosa la kurithi la namna hii. Na kipimo chake kinapendelewa kichukuliwe kwenye ngozi sio damu, mana damu ya mgonjwa tayari imejaa makosa ya ubaoni, huwezi kujua lipi la mwalimu lipi la mwanafunzi.

Kwa hio ukiniuliza ukoo gani unanitia wasiwasi mie, ni ule wenye lukemia za aina moja au zinazokaribiana kwa watu wawili watatu wa damu moja, khasa vijana, au ule wenye mchanganyiko wa lukemia na watu wanaotokwa damu tokea wadogo. Ukoo wenu haumo.

Kuna na kitu chengine kinachowapoteza watu, ugonjwa kuwamo nyumbani bila kuwa wa kurithi. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt akiwa Uganda aliandika juu ya watoto wenye uvimbe wa taya, ikaja kujulikana ni limfoma inayokwenda sambamba na malaria na kirusi cha Epstein-Barr. Watoto wawili wa nyumba moja wanaweza kuupata kwa sababu wanalala chandarua kimoja kilichotoboka, sio kwa damu ya babu. Kuna kirusi kinaitwa HTLV-1, Japani ya kusini kipo sana, mama anampa mtoto kwa maziwa na wachache kati yao baada ya miongo mingi wanapata lukemia. Na mapacha wa kufanana, lukemia ikimpata mmoja akiwa mchanga wa chini ya mwaka, mwenziwe karibu hakika nae, na watu wangeapa ni kurithi, kumbe chembe mbaya ilizaliwa kwa mmoja tumboni ikapita kwenye kondo moja la nyuma mpaka kwa mwengine. Na petroli. Hili naomba mnisikize, benzini iliomo kwenye petroli inajulikana inaleta lukemia, khasa ile kali, na kila siku naona vijana wanavyonza mpira kwa mdomo kutoa mafuta kwenye tangi na kuyatia kwenye chupa za maji za kuuzia bodaboda. Baba anavyonza, mtoto anafundishwa kuvyonza. Acheni, nunueni pampu ya mkono.

Nna kisa kimoja sitotaja shehia. Waliniletea kijana wa miaka 19 ana khofu kiasi cha kutokula, kwao wamekufa watu wanne kwa "kansa ya damu". Tukakaa na mamaake na bibi yake saa nzima na karatasi kuukuu zenye kunuka nondo. Wa kwanza alikuwa na sikoseli. Wa pili kansa ya koo la chakula, damu aliitapika ndo ikaitwa ya damu. Wa tatu hakuna karatasi. Wa nne tu ndo lukemia, na alikuwa mke aliyeolewa ukooni, wala si damu yao. Kijana kala biriani siku ile ile.

Kuhusu kuwapima wanao ili kujua mbele: hakuna kipimo hicho. FBP (kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu) ya leo inakwambia damu ya leo tu, haitabiri mwakani, na ukiambiwa lipa pesa upimwe "jeni za kansa ya damu" bila mtu wa ukoo kugunduliwa na kosa maalumu, weka pesa yako. Na hii ya kakaako na ile ya babaako haziambukizi pia, wala kwa sahani moja wala kwa kitanda wala kunyonya.

Kakaako khabari yake ni nzuri kuliko alivyoambiwa na wageni wa kumtazama. Kabla ya dawa za kisasa CML ilikuwa ni miaka michache tu. Mwaka 2001 ikaruhusiwa Marekani dawa ya imatinibu, kidonge, kinaziba ile amri ya "zaliana", na anaekimeza kila siku na kikamkubali anaishi karibu sawa na watu wa rika lake. Adui yake ni kuacha. Wagonjwa wetu wanaacha wakijiona wazima, na wanaacha Ramadhani. Kwa wengi ni mara moja kwa siku, pamoja na chakula na gilasi kubwa ya maji, sasa ikishindikana nini kukimeza kwenye futari au daku? Azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama apangiwe saa. Na safari ya Dar kuchukua dawa na kupima asiiruke hata bahari ikichafuka, asogeze siku lakini asiruke. Kama siku moja (Mungu apishe mbali) vidonge vikagoma na ikazungumzwa kupandikizwa uboho, hapo wewe nduguye wa baba na mama mmoja una nafasi moja katika nne ya kulingana nae. Nashangaa mtaa haukulisema hilo, kuwa udugu ndo unaoweza kumuokoa.

Kwa washenga, usiwafate wewe. Mtume kaka mkubwa au ami yake binti, aende na karatasi zote mbili mkononi aseme hili ni ugonjwa huu, hili ni ugonjwa ule, na mtaalamu kasema hakuna urithi wa kumzuia binti. Wakitaka waje kuniuliza, nnapatikana. Wakikataa baada ya hapo basi walikuwa na lao jengine.

Na yule wa muhina. Kaskazi inakausha pua, na mtoto wa miaka 9 kidole chake kiko wapi muda wote unajua mwenyewe. Akitoka damu mkalishe ainame mbele kidogo, sio kumlaza wala kumuinamisha nyuma, ambane pua laini ile ya chini dakika kumi kwa saa bila kuchungulia, usiku mpake vaselini kidogo ndani. Lakini kwa kuwa roho yako haitotulia, mpeleke spitali ya hapo Wete umfanyie FBP moja, ni kipimo cha kawaida. Kama pia ana vidoa vyekundu vya ngozi visivyopotea ukivibonyeza, au ufizi unatoa damu, au homa isiyokwisha, au kapauka na mitoki imemjaa, usingoje wiki, mpeleke leo. Ukipata karatasi tafuta mstari wa chembe sahani ulioandikwa PLT, kawaida ni 150 mpaka 400 na kidogo, na nyeupe ni WBC, watoto zao huwa juu kidogo kuliko sie usishtuke. Piga picha unitumie, na safari hii washa taa, ile ya kakaako nimeisoma kwa kubahatisha nusu yake.